Kichwa cha Ishirini na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu. Mlinzi wa geti la hospitali ya magonjwa ya akili anahesabu vitana kwa sauti, kama mtu anayehesabu vifaranga. Vikifika kumi na viwili anaandika kwenye daftari, anamsogezea mwenye vitana kalamu atie sahihi. Jioni vitahesabiwa tena. Kikipungua kimoja, hatoki mtu mpaka kipatikane.

Mkasi hauingii. Sindano haiingii. Uzi, nywele za bandia na kioo, vyote vinabaki getini. Mwanamke huyu anaingia kufanya kazi ya ususi akiwa na vitana vyekundu, mafuta ya nywele, taulo tatu na mikono yake.

Mtaani kwake wanamwita Mama Kitana. Ana miaka arobaini na sita, watoto watatu, mume fundi wa kuchomelea mageti, na saluni ya chumba kimoja ambayo leo ameifunga. Kila Jumatatu kwa miaka minne sasa ameifunga, akaja hapa kusuka wagonjwa wa wodi ya wanawake. Halipwi. Angebaki saluni, Jumatatu moja ingempa vichwa vitatu, na vichwa vitatu vinatosha kodi ya chumba kwa wiki nzima.

Lakini jambo la kwanza ambalo mtu analiona kwake si vitana. Ni kichwa chake mwenyewe. Msusi huyu hana nywele. Zilizopo ni fupi kama punje za mchele, na katikati ya utosi kuna kovu la utotoni ambalo hata mumewe, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, alikuwa halijui.

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," anasema huku akivua kitambaa na kukifunga kiunoni. "Ni kweli. Mimi nilinyolewa."

Kisa cha kunyolewa kwake ndicho kinachosimuliwa hospitalini mpaka leo, jikoni na kwa wafagizi. Ila hakieleweki bila kwanza kuona anavyofanya kazi.

Anakaa kwenye benchi la saruji barazani. Mteja wake wa kwanza, mwanamke mwembamba wa makamo, anakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake na kumpa mgongo. Kabla kitana hakijagusa nywele, mwanamke huyo anaweka kiganja juu ya goti la Mama Kitana na kukiacha hapo. Kila anayesukwa katika wodi hii hufanya hivyo. Ikiuma, unabana goti. Ukibana goti, mkono wa msusi unasimama.

Utaratibu huo ulitokana na kosa, na aliyekosewa ni huyuhuyu aliyekaa mkekani.

Alipoletwa hapa alikuwa hasemi. Miezi kumi na moja hakutoa neno. Katika mwezi wa tatu wa huduma yake, Mama Kitana alimsuka matuta madogo madogo, kwa mkono wa saluni, mkono wa mteja anayetaka nywele zikae wiki tatu. Kesho yake sista mkuu wa wodi akampigia simu. Ngozi ya paji la uso la yule mama ilikuwa imevimba na kutoka vipele, macho yamevutika, usiku kucha hakulala.

"Mteja wa saluni ukimbana atakutukana mpaka ukoo," anasema Mama Kitana. "Mimi nikazoea hivyo. Asiyenitukana nikadhani haumii."

Alifunga saluni siku ya Jumanne, akaja kufumua kila tuta kwa maji ya uvuguvugu. Akaomba msamaha. Akachukua mkono wa yule mama, akauweka juu ya goti lake, akamwonyesha: bana hivi. Kuanzia hapo goti ndilo mdomo.

Miezi minne baadaye, katikati ya ukimya wa asubuhi, sauti yenye kutu ikasikika kutoka pale mkekani.

"Mstari umepinda."

Muuguzi aliyekuwa anapanga vidonge aliviacha akakimbia kumwita daktari. Wagonjwa walisogea. Kila mtu alifurahi isipokuwa msusi mwenyewe, ambaye anakiri kwamba kitu cha kwanza kilichomjia si shukrani kwa Mungu bali hasira. Miaka kumi na tisa anasuka, na hakuna aliyewahi kumwambia mstari wake umepinda. Akainama kuangalia. Ulikuwa umepinda kweli. Akaufumua.

Tangu siku hiyo wodi nzima humwita mwanamke huyo Mkaguzi. Sasa anaongea, tena anaongea sana, na hakuna mstari unaopita bila yeye kuupapasa kwa kidole. Asubuhi hii anataka kujua atasukwa mtindo gani. Mama Kitana anamwambia twende kilioni, ule wa mistari yote kurudi nyuma.

"Nani kafa?" anauliza Mkaguzi.

Anasukwa mtindo mwingine.

Kitu kimoja hakisikiki barazani hapo: mahubiri. Mwanzoni Mama Kitana alihubiri. Alikuwa na mapambio, mafundisho ya kichwa cha kwanza mpaka cha mwisho. Siku moja akasimama katikati ya somo na hakuendelea tena. Hakukatazwa na mtu. Alijikataza.

"Mtu niliyemshika kichwa hawezi kuondoka," anasema. "Hata kama hataki kusikia, atakwenda wapi? Hiyo si injili, huo ni mtego."

Sasa anaomba kimya. Kila mstari una ombi lake, kwa ajili ya yule aliyekaa mbele yake. Mwenye mistari tisa anapata maombi tisa. Mwenye kichwa kikubwa ana bahati.

Ukimuuliza kwa nini anafanya haya yote, haanzi na mstari wa Maandiko. Anaanza na dada yake.

Dada huyo amemzidi miaka saba. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, akamfundisha kusuka kwa kutumia nyuzi za katani walizozifunga kwenye mguu wa meza. Miaka sita iliyopita dada aliugua. Alianza kukosa usingizi, akaja kusikia watu wanaomsema ukutani, mwishowe akatoka nyumbani usiku bila viatu. Akalazwa katika wodi hii hii, miezi saba.

Kutoka saluni mpaka hospitali ni dakika ishirini kwa mguu. Katika miezi saba Mama Kitana hakwenda hata mara moja. Wateja walipouliza, aliwaambia dada amesafiri kikazi.

"Nilikuwa naimba kwaya," anasema, na hapunguzi maneno. "Nafunga siku tatu, nashuhudia mpaka vipofu wanalia. Dada yangu aliyenilea analala dakika ishirini kutoka kwangu, naona aibu kwenda. Kichwa chake kiliumwa. Kwangu ulioumwa ni moyo, na hakuna aliyenilaza."

Siku dada aliporuhusiwa, alikuja moja kwa moja saluni. Alikuwa amefunga kitambaa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakivua, akasema maneno matatu tu: nisuke, mdogo wangu. Enzi hizo kila aliyelazwa alinyolewa siku ya kwanza na kila mwezi baada ya hapo, kwa sababu ya chawa. Mama Kitana alijaribu. Vidole vikateleza. Nywele zilikuwa hazishikiki. Akawa anazishika na kuzikosa, anazishika na kuzikosa, mpaka dada akamwambia basi, acha.

"Ndiyo siku niliyookoka," anasema. "Ile ya kunyoosha mkono kanisani ilikuwa mazoezi."

Ilimchukua mwaka mzima kupata ruhusa ya kuingia na vitana. Maombi yake ya kwanza matatu yalikataliwa. La nne lilikubaliwa na sista mkuu wa wodi kwa sharti moja: wanawake wanaosukwa hawatanyolewa, maadamu wodi haina chawa.

Sharti hilo lilishika kwa miaka mitatu na miezi kadhaa. Likaja kukatika Jumatatu moja, majuma manane yaliyopita.

Asubuhi hiyo sista alimpokea mlangoni badala ya muuguzi, na Mama Kitana akajua pana neno. Mgonjwa mmoja mpya alikuwa ameingia na chawa. Mpaka wanagundua, vichwa tisa vilikuwa nao, na godoro linapakana na godoro. Uongozi ulikuwa umeshaamua. Wodi nzima, wanawake ishirini na sita, watanyolewa.

Sista si mtu katili, na Mama Kitana anataka hilo liandikwe. Ana wauguzi wawili kwa zamu. Kuondoa chawa bila kunyoa kunahitaji dawa, maji mengi, na mtu wa kukaa na kitana chembamba saa mbili na nusu juu ya kichwa kimoja, mayai yatoke yote. Mashine ya kunyolea inamaliza wodi nzima kabla chai haijapoa.

Mama Kitana aliomba wiki. Sista akampa mpaka Ijumaa.

"Sasa ni kusuka au kunyoa, mama," alimwambia. "Ijumaa saa sita nikikuta chawa mmoja humu ndani, mmoja tu, kinyozi anaingia."

Watu husema suka au nyoa kila siku. Mwenye nyumba humwambia mpangaji, mchumba humwambia mchumba. Mama Kitana amelisikia neno hilo maisha yake yote, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likiwa na maana ya nywele.

Alipiga hesabu palepale. Peke yake, kwa siku moja, angeweza vichwa vinne, vitano akisahau kula. Jumatatu jioni alikuwa amemaliza vitatu. Jumanne mchana vilikuwa sita na mgongo umekataa kunyooka. Saa tisa alivua aproni, akatoka akinuka dawa, akaenda kanisani ambako ushirika wa akina mama ulikuwa umekutana.

Ushirika huo hukutana Jumatatu na Jumanne. Zamani yeye ndiye aliyekuwa mhazini wake. Alipoanza huduma ya wodini akakosa vikao vya Jumatatu, na polepole ikasemwa kwamba amepoa kiroho, kwamba siku hizi anafuata mambo yake. Walipomwona anaingia walipiga makofi, wakidhani amerudi kundini.

Aliwaeleza. Mwenyekiti akasema jambo hilo ni zito, akawaalika wote wasimame waliombee.

"Nashukuru," Mama Kitana alisema. "Ila naomba tuliombee kulekule kesho saa mbili, kila mtu na kitana mkononi. Wahenga hawakutania waliposema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ninavyo kumi na vimenishinda."

Akina mama arobaini wakawa wanaangalia mikoba yao. Mmoja wa nyuma, fundi cherehani anayejulikana kwa kusema lililo moyoni, akauliza: wale watu wanauma?

"Wanaouma ni chawa," Mama Kitana alimjibu. "Wale wengine ni akina mama kama wewe."

Jumatano walikuja watano. Wa kwanza kufika getini alikuwa yule fundi cherehani.

Nyumbani, mumewe ndiye aliyepika wiki hiyo. Anasema watoto walikula, hakuna aliyekufa. Anasema pia kwamba mtu akioa mwanamke aliyeokoka mpaka mikono, ajifunze kupika mapema.

Mtu mmoja hakuombwa kuja: dada. Tangu atoke hospitali anafanya kazi saluni, anaosha nywele za wateja na kukanda vichwa, na wapo wanaomfuata yeye kuliko mwenye saluni. Lakini katika miaka yote ya huduma ya mdogo wake hajawahi kukaribia geti lile. Alishasema mara moja, na haikurudiwa: mlango ule siuingii tena. Mama Kitana hakumshika mkono wala hakumhubiria.

Alhamisi asubuhi, Mama Kitana alipofungua mlango wa nyumbani, dada alikuwa amesimama nje na ndoo.

"Nitaosha tu," alisema. "Sisuki mtu."

Walitembea dakika ishirini wakipokezana ndoo. Getini, mlinzi alifungua daftari lake. Ni mlinzi mgeni, hawajui watu, na swali lake huwauliza wote wanaoingia bila hata kuinua macho: mgeni au mgonjwa? Mama Kitana anasema alitamani kumziba mdomo kwa kiganja.

Dada aliweka ndoo chini. Akatazama geti, akatazama daftari.

"Mgeni," alisema.

Siku hiyo kazi ilikwenda kwa kasi. Dada anaosha, watano wanachana, Mama Kitana anapita nyuma yao kuhakiki na kusuka. Saa nane mchana vichwa vilivyobaki vilikuwa vinne. Cha kwanza kati ya hivyo kilikuwa chini ya kitanda.

Mwenye kichwa hicho alikuwa mpishi wa shule kabla ya kuugua, mwanamke mwenye mwili mkubwa na mikono ya kukoroga sufuria za watu mia tatu. Tangu Jumatano alikuwa amekataa. Alipoona kitana alipiga mayowe, akajiingiza chini ya kitanda na kung'ang'ania miguu ya chuma. Akina mama wa ushirika walizunguka kitanda wakaanza kuomba kwa sauti. Kadiri walivyopaza, ndivyo alivyozidi kupiga mayowe.

Dada alitoka kwenye beseni mikono ikichuruzika. Akawaambia wanyamaze, na wakanyamaza. Akalala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, ili amwone mpishi usoni.

"Unataka kusuka au kunyoa?" alimuuliza.

Chini ya kitanda, mkono mmoja uliachia mguu wa chuma.

"Kunyoa," ilisema sauti. "Kinaniwasha. Nataka kunyoa."

Mama Kitana alipinga hapohapo. Siku nne zote hizo, alisema, tumepigana watu hawa wasinyolewe, halafu tuwanyoe wenyewe? Dada aliinuka, akajipangusa shavu.

"Mimi wakati ule hakuna aliyeniuliza," alisema. "Na wewe, mdogo wangu? Umemuuliza nani?"

Akisimulia hapa, Mama Kitana anaacha kusuka. Mikono yake, ambayo asubuhi nzima haijapumzika, inakaa juu ya mabega ya Mkaguzi.

"Miaka minne nimewasuka. Nimewauliza kama inauma, nimewauliza mtindo. Kama wanataka kusukwa, sijawahi. Nilidhani wote ni dada yangu."

Alikwenda kuazima mashine kwa sista. Akamnyoa mpishi kwa mkono wake, polepole, kiganja cha mpishi kikiwa juu ya goti lake. Hakikubana hata mara moja. Kisha akaanza upya. Akapita kitanda kwa kitanda, kwa wote ishirini na sita, hata wale aliokwisha kuwasuka tangu Jumatatu, akiwauliza swali lile lile. Kumi na tisa walisema kusuka. Watano walisema kunyoa, mpishi akiwemo. Wawili hawakutaka hili wala lile. Walitaka zichanwe tu ziachwe. Mkaguzi alisema kusuka, ila ashughulikiwe na mtu mwenye macho.

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi sista aliingia na karatasi nyeupe na kitana kipya. Aliwapanga barazani. Kila kichwa alikichana juu ya karatasi, akaisogeza kwenye mwanga, akaangalia, akapita. Akina mama wa ushirika walikaa ukutani mikono mapajani. Kichwa cha kumi safi. Kichwa cha ishirini safi. Cha ishirini na sita kilikuwa cha Mkaguzi, naye alikitoa kwa madaha kama mtu anayepimwa kofia. Safi.

Watu wakaanza kushusha pumzi. Sista akainua mkono.

"Bado ninyi," aliwaambia waliokaa ukutani. "Mmeshinda na hivyo vichwa wiki hii."

Alianza na fundi cherehani, akaenda mpaka kwa dada. Safi. Akamalizia kwa Mama Kitana, ambaye siku zote alikuwa na nywele ndefu nyeusi zilizofika mabegani, tangazo la saluni yake, na ambaye katika siku tano hakuwa amepata hata dakika ya kujichana. Sista alipitisha kitana mara moja. Akatazama karatasi. Akamwonyesha.

Alikuwa mmoja, mnene, anatembea.

Hakuna aliyecheka. Sharti lilikuwa chawa mmoja humu ndani, na wote walilisikia tangu Jumatatu. Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi. Mama Kitana anasema alitazama safu ya vichwa vile, mafuta yaking'aa juani, akaona vyote vinakwenda na maji kwa ajili ya kichwa chake.

"Sista," alisema, "sheria ni yako. Ila vichwa vyako ishirini na sita ni safi. Chawa amekutwa kwangu, cha ishirini na saba. Anyolewe mwenye chawa."

Sista aliikunja karatasi. Dawa ingetosha, na wote wawili walijua. Kwa mtu wa saluni, kichwa ndicho kibao cha mlangoni. Lakini sista naye alikuwa na uongozi wa kuuandikia taarifa, na katika taarifa hiyo lazima ionekane kwamba aliyekutwa na chawa amenyolewa.

"Kusuka au kunyoa, mama?" aliuliza, safari hii taratibu, kama anayeuliza kweli.

"Kunyoa."

Akakaa mkekani. Mashine aliichukua dada, yule aliyesema anaosha tu, akakaa benchini nyuma yake. Mama Kitana alitafuta goti la kuweka mkono, akalipata. Wagonjwa walikuja wakamzunguka. Nywele zikaanza kuanguka, na mpishi, kichwa chake kinang'aa, akachutama mbele yake, akamtazama vizuri, akampa pole.

"Usijali," alimwambia. "Upepo wake mtamu."

Hapo ndipo walipocheka, wote, mpaka sista akageukia ukuta.

Mwenzako akinyolewa, wahenga walisema, wewe tia maji. Wao walikuwa wakionya. Mama Kitana anasema ameyapenda maneno hayo upya tangu siku ile, kwa sababu maji yake aliyatiwa na dada.

Gharama ilikuja wiki iliyofuata. Msusi mwenye kipara ni kama mpishi anayekwenda kula kwa jirani. Wateja waliingia, wakamwona, wakakumbuka shughuli nyingine. Mmoja aliuliza kama ni ugonjwa. Alipoambiwa ni chawa, na chawa wenyewe wa wapi, aliondoka na kitambaa kimefungwa nusu. Vichwa vitatu au vinne vya siku vikawa viwili, siku nyingine kimoja. Mama Kitana aliwaonyesha vitana: vyekundu vya wodini, bluu vya saluni, havikutani. Baadhi wamerudi. Baadhi hawatarudi, na ameacha kuwahesabu.

Waliorudi wa kwanza ni akina mama wa ushirika. Watano sasa wamekuwa kumi na mmoja, wanaingia wodini kwa zamu, na kikao cha Jumatatu kimehamishiwa Alhamisi. Sista ameandika kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa mstari mmoja ambao haukuwepo. Unauliza kuhusu nywele, na una vijumba vitatu vya kutia alama: kusuka, kunyoa, kuacha.

Dada huja kila Jumatatu. Leo yuko pale kwenye bomba, anaosha kichwa cha msichana aliyelazwa juzi, na wanazungumza jambo ambalo hakuna mwingine anayelisikia.

Bado kuna jambo moja. Wodi hii haina kioo. Vioo vinavunjika, na kipande cha kioo ni hatari, hilo halibishaniwi. Lakini matokeo yake ni kwamba wapo wanawake humu ambao hawajaona nyuso zao mwaka mzima. Mama Kitana anawasuka, wanajipapasa, wanaulizana.

Kwenye karakana ya mumewe, nyuma ya mageti mawili ambayo hayajamaliziwa, limeegemezwa bati la chuma cha pua, upana wa mkono mmoja na urefu wa mtu aliyekaa. Jioni kwa jioni fundi huyo amelisugua, kwanza kwa msasa mkali, kisha laini, kisha kwa kitambaa na mafuta. Pembe amezizungusha. Matundu manne ya skrubu yako tayari. Sista ameshalipima kwa nyundo na kuridhika. Kilichobaki ni barua ya uongozi. Mama Kitana ameandika moja, na amepanga kuandika nyingine tatu, maana anaijua hospitali hii.

Anataka lifungwe hapahapa barazani, mbele ya benchi la saruji.

"Nataka mtu akikaa hapa ajione," anasema, na anamgeuza Mkaguzi kidogo kuelekea ukuta mtupu, kana kwamba chuma kimeshafika. "Na mstari ukipinda, asipapase. Aniambie."

"Umepinda," anasema Mkaguzi.

Mama Kitana anainama, anaangalia, anaufumua.